Kemia Haikufa: Historia ya Dawa ya Mikono Miwili

Leo sina vichekesho. Nina historia, tena ndefu, kwa hivyo kama uko kwa matatu ya Rongai na jam imeshika, umebahatika.

Ilianza hivi. Mwezi uliopita baba alinipigia simu usiku. Dada yake, yaani shangazi yangu wa Mtwapa, ana mailoma, saratani ya uboho inayoshika zile seli ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Ametibiwa mara tatu, na mara tatu imerudi. Daktari aliwaambia kuna sindano mpya inayotumika huko nje, inaitwa teclistamab. Akawaandikia jina nyuma ya risiti. Baba akapiga picha, akaitupa kwa kikundi cha familia, chini yake akaandika: "Mwanakemia wetu atueleze hii ni dawa gani."

Mwanakemia mwenyewe ni mimi. Nina digrii ya kemia na simu yenye kamera nzuri, na kati ya hizo mbili, simu ndiyo inalipa kodi ya nyumba.

Nilidhani najua nitakachokuta. Dawa za siku hizi ni jeni, si ndio? Unabadilisha jeni, unaiweka ndani ya seli, seli inakutengenezea protini. Hata darasani tuliambiwa hivyo, ati enzi ya mwanakemia kwa mambo ya kingamwili iliisha kitambo. Lakini nilipofuatilia venye teclistamab inatengenezwa, katikati ya hiyo safari nikakuta chupa ninayoijua. 2-merkaptoethilamini. Ni molekuli ndogo sana, upande mmoja ina salfa, upande mwingine nitrojeni, na inanuka kama yai viza. Nikaanza kurudi nyuma kuuliza hii chupa imefikaje hapa. Ikanipeleka 2013, ikanipeleka 1985, na stori yenyewe ikanifikisha 1961. Nilikaa macho hadi saa kumi alfajiri.

Ngoja kwanza tuelewane kuhusu kingamwili. Ni protini yenye umbo la herufi Y, au kama ulikulia mashambani, ni panda ya manati. Ile mikono miwili ya juu ndiyo inashika adui. Ule mpini wa chini ndio unaita wenzake waje kumaliza kazi. Katikati, mahali mikono inapokutana na mpini, kuna sehemu laini inayopinda, na wataalamu wenyewe wanaiita bawaba, kama ya mlango. Kwenye hiyo bawaba kuna madaraja ya salfa, salfa imeshikana na salfa, na hayo ndiyo yanafunga nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Shika hilo neno, bawaba, kwa sababu stori yote inatokea hapo.

Kingine cha kushika: kwa kawaida ile mikono miwili ni pacha. Kama wa kushoto unashika kirusi cha surua, na wa kulia unashika hicho hicho. Mwili haukutengenezei mkono mmoja wa surua na mwingine wa pepopunda. Sasa kuna watu wakauliza, na tukilazimisha?

Tulijuaje kwamba kuna mikono na mpini? Hapa shangazi anaingia. Shangazi akitengeneza mishkaki, haendi kununua unga wa kulainisha nyama. Anachukua papai bichi, anakwangua, anaipaka nyama, anaiacha. Ukiisahau humo, unarudi unakuta uji. Hiyo ni kazi ya papeini, kimeng'enya kilicho kwenye utomvu wa papai, kinachokatakata protini. Kwa miaka mingi utomvu huo uliokaushwa ulikuwa bidhaa ya kuuza nje kutoka sehemu zetu hizi, Tanganyika na Kongo zikiwemo. Mwaka 1959, London, Rodney Porter alichukua kingamwili za sungura akazifanyia alichofanya shangazi kwa nyama, ila yeye alikuwa na saa mkononi. Papeini ilikata kwenye bawaba, akapata vipande vitatu: viwili bado vinashika adui, cha tatu hakishiki kitu lakini kinaganda kuwa fuwele. Mikono miwili, mpini mmoja. Kule Marekani Gerald Edelman alikuwa anaifungua molekuli hiyo hiyo kwa njia nyingine, kwa kuvunja madaraja ya salfa. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel 1972.

Sasa mtu wangu. Alfred Nisonoff. Sijui kwa nini jina lake halitajwi, ukiangalia video za historia ya dawa hizi zinaruka moja kwa moja hadi miaka ya 1990 kana kwamba kabla ya hapo watu walikuwa wanalala. Nisonoff hakutumia papeini. Alitumia pepsini, kimeng'enya cha tumboni, ambacho kinakata chini kidogo ya bawaba badala ya juu yake. Tofauti inaonekana ndogo lakini ndiyo kila kitu. Ukikata juu, mikono inaachana. Ukikata chini, mpini unapotea lakini mikono miwili inabaki imeshikana, kwa daraja la salfa. Na kwa sungura, kwa bahati nzuri sana, hapo kuna daraja moja tu.

Nisonoff akaona kwamba ukiweka kemikali ya kuvunja hilo daraja kwa upole, unapata mikono mmoja mmoja. Ukiitoa hiyo kemikali na kuiachia hewa ifanye kazi, salfa zinatafutana tena na daraja linarudi. Mlango unafunguka, mlango unafungika. Mwaka 1961, yeye na Rivers wakachapisha kilichofuata: wakachukua mikono ya kingamwili ya aina moja, wakachanganya na mikono ya aina nyingine, wakaiacha ijiunge yenyewe.

Hesabu yake ni ya sarafu. Rusha sarafu mbili mara nyingi: robo utapata vichwa viwili, robo mikia miwili, na nusu utapata kichwa kimoja na mkia mmoja. Ile nusu ndiyo ilikuwa kitu kipya duniani, molekuli yenye mkono mmoja wa kushika hiki na mwingine wa kushika kile. Mwaka 1964, pamoja na Fudenberg na Drews, wakaonyesha kwa kutumia chembe nyekundu za damu kwamba kweli molekuli moja inashika vitu viwili tofauti kwa wakati mmoja.

Fikiria hiyo tarehe. 1961. Kenya haijapata uhuru. Uhandisi wa jeni bado haujazaliwa. Na tayari mtu ameshika mkononi kingamwili yenye shabaha mbili, kwa kutumia sungura, kimeng'enya cha tumbo, na kemia ya salfa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuichora ubaoni.

Kwa nini basi haikuwa dawa? Kwa sababu ya sungura. Ukimdunga sungura kitu, hatengenezi kingamwili ya aina moja, anatengeneza kundi zima, kila moja inashika kivyake. Kwa hivyo "mkono A" wa Nisonoff ulikuwa umati, na "mkono B" umati mwingine. Huwezi kumpa mgonjwa umati.

Hilo lilitatuliwa 1975 pale Cambridge, na Georges Köhler na César Milstein, Mjerumani na Mwajentina. Waliunganisha seli inayotengeneza kingamwili moja na seli ya saratani isiyokufa. Na ile saratani waliyotumia, wadau, ilikuwa mailoma ya panya. Ugonjwa wa shangazi yangu. Seli ile ile inayokataa kufa ndani ya mifupa yake ndiyo iliyofanywa kiwanda, ikawa inatoa kingamwili ya aina moja tu, bila kuchoka. Niliposoma hapo niliweka simu chini nikaenda kuchemsha chai. Walipata Nobel 1984, na ile njia yao haikuwekewa hataza, jambo lililowaudhi sana watu fulani Uingereza baadaye.

Sasa kulikuwa na mikono safi. Swali likarudi: tunaunganishaje mkono wa A na mkono wa B?

Milstein mwenyewe alijaribu njia ya biolojia, 1983, yeye na Cuello. Chukua seli mbili za aina hiyo, ziunganishe ziwe moja, seli moja itengeneze kingamwili zote mbili. Iliitwa kwadroma. Wazo tamu, lakini hebu piga hesabu. Kila mkono una mnyororo mzito na mnyororo mwepesi. Seli haijui nani ni wa nani, inaunganisha ovyo. Minyororo mizito kukutana A na B ni nusu. Kila mmoja kupata mwepesi wake halali ni nusu na nusu tena. Nusu mara nusu mara nusu: moja kwa nane. Kwenye chungu kimoja unapata molekuli za aina kumi tofauti, na wewe unataka moja. Ni kama kuagiza chapati nane upewe moja na mawe saba, halafu mawe yenyewe yana umbo la chapati.

Watu wa kemia nao walianza vibaya, tuseme ukweli. Kulikuwa na gundi inayoitwa SPDP, iliyotoka Sweden 1978. Upande mmoja inashika amino za lisini, upande mwingine inatengeneza daraja la salfa. Shida ni kwamba kingamwili moja ina makumi ya lisini zilizotapakaa mwili mzima. Ukiimwaga hiyo gundi, molekuli zinashikana begani, mgongoni, kichwani, tatu tatu, tano tano. Unapata mafungu, hupati kitu kimoja chenye umbo moja.

Na bado, mafungu hayo yalifanya muujiza. Mwaka 1984 kikundi cha David Segal pale Bethesda kilitumia mafungu kama hayo kuelekeza seli za kinga kwenye shabaha zilizochaguliwa. Mwaka 1985, kwenye jarida la Nature, makala mawili kutoka maabara mbili, ya Staerz, Kanagawa na Bevan, na ya Perez akiwa na akina Segal, yakaonyesha kwamba ukiunganisha kingamwili inayoshika seli T na kingamwili inayoshika seli fulani unayoitaka ife, ile seli T itaiua. Hata kama peke yake isingewahi kuitambua.

Rudia hiyo sentensi pole pole. Seli T ndizo askari wetu wakali zaidi, lakini kila mmoja amefundishwa kumtambua adui mmoja. Saratani inapita mbele yao inawasalimia. Hii molekuli inamshika askari kwa mkono mmoja, inamshika saratani kwa mwingine, inawaleta uso kwa uso, na mkono ule ulioshika askari ndio huo huo unaomwamsha. Teclistamab inafanya hivyo hivyo: mkono mmoja unashika CD3 iliyo juu ya seli T, mwingine unashika BCMA iliyo juu ya seli za mailoma. Wazo la sindano ya shangazi lilithibitishwa kwa gundi chafu ya Sweden. Hakukuwa na jeni yoyote iliyoguswa.

Mwaka huo huo wa 1985 ndio ninaoupenda kuliko yote. Maureen Brennan, Peter Davison na Henry Paulus, Boston, walirudi kwa Nisonoff. Walisema: tuache kupaka gundi mwili mzima, turudi kwenye bawaba. Lakini kingamwili zao zilikuwa za panya, na bawaba ya panya ina madaraja kadhaa, si moja kama ya sungura. Ukiyavunja, unabaki na salfa kadhaa zilizo jirani kwenye mkono mmoja, na jirani na jirani wanaoana wenyewe kwa wenyewe kabla hujawaletea mchumba kutoka ng'ambo.

Walichofanya kilinifanya nicheke kwa sauti. Waliweka aseniki. Ndiyo, ile sumu, katika umbo la asenaiti ya sodiamu. Aseniki inapenda salfa mbili zilizo jirani, inazishika zote kwa pamoja, kwa hivyo haziwezi kuoana. Ile tabia inayoifanya iue watu wakaifanya iwe mlezi. Halafu wakaleta kitendanishi cha Ellman, ambacho kinaweka kifuniko juu ya kila salfa, na kikifanya kazi maji yanageuka manjano, kwa hivyo unaweza kuhesabu kwa rangi. Sasa mikono yote, A na B, ina vifuniko, haiwezi kuungana na yeyote. Kisha unachukua A peke yake, unaivua vifuniko kwa kutumia, ngoja, 2-merkaptoethilamini. Ile chupa yangu. A iliyo wazi ukiichanganya na B iliyofunikwa, A haina cha kufanya na A mwenzake, B haina cha kufanya na B mwenzake. Mahali pekee pa kwenda ni kwa mwingine. Ule mchezo wa sarafu ukaisha. Ndoa ya kupangwa.

(Kuhusu kitendanishi cha Ellman: kwenye chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, hilo jaribio lilikuwa kwenye mtaala. Siku ya maabara kitendanishi hakikuwepo. Tulichorewa ile rangi ya manjano ubaoni kwa chaki ya manjano, tukaambiwa tuiandike kwenye ripoti. Nikaandika. Nikapata A.)

Miaka miwili baadaye, 1987, Southampton, Martin Glennie na wenzake walisema daraja la salfa kwa salfa ni dhaifu, ndani ya mwili linaweza kuvunjika. Wakatumia molekuli yenye maleimidi mbili, ikatengeneza daraja la salfa na kaboni ambalo halifunguki ovyo. Kama Brennan alifunga mlango kwa komeo, wao waliupigia misumari.

Wagonjwa wakaanza kuzipata. Mwaka 1990 madaktari wa Japani, Nitta na wenzake, walichapisha kwenye Lancet kuhusu wagonjwa 10 wenye saratani mbaya ya ubongo, ambao seli zao za kinga zilivishwa kingamwili za mikono miwili zilizounganishwa kwa kemia, na baadhi yao uvimbe ulipungua. Miaka ya katikati ya 1990, kampuni ya Medarex ilipeleka kwa wagonjwa molekuli iliyoitwa MDX-210, mikono miwili iliyounganishwa kwa kemia, mmoja wa kushika HER2 ya saratani ya matiti, mwingine wa kushika seli za kinga. Matumaini yalikuwa makubwa. Kisha yakafifia.

Sitaki kuwadanganya juu ya sababu, kwa vile najua nina upendeleo. Kingamwili nyingi za wakati huo zilikuwa na asili ya panya, na mwili wa binadamu ukiona protini ya panya unaitengenezea kingamwili zake. Dozi ya kwanza inapokelewa kama mgeni, ya tatu kama mwizi. Molekuli zisizo na mpini zilisafishwa kutoka damuni haraka. Kuamsha seli T ovyo kulileta homa kali na kushuka kwa presha. Na kutengeneza kilo nzima ya kitu kwa kukata, kuvunja, kufunika, kuvua na kuunganisha, kila hatua ikikupotezea kidogo, ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa hivyo watu wa jeni walipokuja na njia zao, dunia ikawafuata, na walistahili. Mwaka 1996 kampuni ya Genentech ilionyesha unaweza kuchonga kishimo kwenye mnyororo mzito mmoja na kinundu kwenye mwingine ili viingiane. Wengine waliitupa bawaba kabisa, wakashona mikono miwili kwa uzi mmoja wa protini, na hiyo ndiyo blinatumomab, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2014 kwa saratani ya damu. Ilipotoka iliuzwa takriban dola 178,000 kwa matibabu. Hata ile njia ya kwadroma, kwa kuchanganya panya na panya buku, ilipata dawa, catumaxomab, iliyoidhinishwa Ulaya 2009 na kuondolewa 2017 kwa sababu za kibiashara.

Hapo ndipo darasani wanafunga daftari. Kemia ilikuwa ngazi, tukapanda, tukaitupa. Hapo ndipo mimi nakataa.

Mwaka 2007 Waholanzi walichapisha kwenye Science kitu cha ajabu. Kuna aina moja ya kingamwili mwilini mwetu, inaitwa IgG4, ambayo inabadilishana nusu zake yenyewe, ndani ya damu, bila kuulizwa. Nusu ya Y hii inaachana na mwenzake, inaenda kuungana na nusu ya Y nyingine. Kwa hivyo niliposema hapo juu kwamba mwili hautengenezi mikono tofauti, nilisema uongo kidogo. Seli haitengenezi. Lakini zikishaingia damuni, hizi IgG4 zinafanya zenyewe kile Nisonoff alichofanya kwenye chupa 1961. Wakati sisi tunabishana kama ni jambo la asili au la maabara, damu ilikuwa inaendelea na shughuli zake.

Kampuni ya Genmab ikachukua siri hiyo. Mwaka 2013, Aran Labrijn na wenzake walichapisha njia hii: tengeneza kingamwili A nzima kwenye tangi lake, B nzima kwenye tangi lake, kila moja ikiwa na badiliko moja dogo la amino pale nusu zinapogusana chini ya bawaba. Zichanganye. Tia 2-merkaptoethilamini. Madaraja ya bawaba yanavunjika, nusu zinaachana, na kwa sababu ya yale mabadiliko madogo, A inampenda B kuliko inavyompenda mwenzake. Kisha toa ile kemikali, hewa inarudisha madaraja. Zaidi ya asilimia 95 ya kilicho kwenye chungu ni ile molekuli unayoitaka. Kumbuka kwadroma ilikuwa moja kwa nane.

Amivantamab ya saratani ya mapafu, iliyoidhinishwa Marekani 2021, inatengenezwa hivyo. Teclistamab, 2022, hivyo hivyo.

Kwa hivyo nani alishinda? Jeni zilifanya kazi yake, zile amino zilizobadilishwa ndizo zinafanya A na B wapendane, na seli ndizo zinatengeneza minyororo. Sibishani. Lakini tendo lenyewe la kuwafanya wawili wawe mmoja linafanyika kwenye chungu, nje ya seli yoyote, kwa kuvunja daraja la salfa kwa upole na kuliacha lijirudie. Hiyo ni kemia ya 1961 na chupa ya 1985. Ukiniambia hiyo ngazi ilitupwa, nitakuuliza basi umesimama juu ya nini.

Tena haikuishia hapo. Lawrence Lum kule Detroit alikaa na ile njia ya kuunganisha kwa gundi wakati kila mtu ameiacha, ila alifanya ujanja: badala ya kumdunga mgonjwa molekuli, alichukua seli T za mgonjwa mwenyewe, akazikuza nje, akazivisha kingamwili hizo, akazirudisha. Ukifanya hivyo unahitaji kiasi kidogo tu cha dawa. Matokeo ya wanawake 23 wenye saratani ya matiti iliyosambaa yalichapishwa 2015. Kule University College London wanatengeneza molekuli zinazoingia katikati ya daraja la salfa lililovunjwa na kulijenga upya likiwa na ndoana juu yake, kisha ndoana kwa ndoana zinakutana. Na ile kemia ya kubofya, ya vipande vinavyoshikana haraka bila kugusa kingine chochote, ilipata Nobel 2022.

Hii kitu inaniuma kwa sababu moja. Kwetu, historia ikifundishwa kwamba kila kitu kilianza na mashine ghali za jeni, mwanafunzi anakaa akijua hana nafasi. Anaona ni mambo ya watu wa Boston na Basel. Nisonoff alikuwa na sungura. Sungura tunao. Pepsini inauzwa. Hataza yoyote ya miaka ya 1980 ilishaisha kabla baadhi yenu hamjaingia darasa la kwanza. Sisemi utatengeneza teclistamab jikoni, tafadhali msinitag nikienda kuzika mtu. Kutengeneza dawa safi ya kudungwa kwenye mshipa ni kazi ya matangi, vyumba visivyo na vumbi na wakaguzi wakali, na hatuna mengi ya hayo. Lakini kuelewa, kuvunja bawaba na kuirudisha, kuona manjano ya Ellman kwa macho yako badala ya chaki, hilo linawezekana kwa bajeti ambayo ofisi nyingi hapa zinaimaliza kwa chai na maji ya chupa. Na nchi isiyo na watu wanaoielewa dawa haiwezi hata kukaa mezani kubishania bei yake.

Niliwatumia familia sauti ya dakika sita. Nikaeleza mikono miwili, askari, bawaba. Nikatumia mfano wa papai ili shangazi asikie vizuri. Binamu yangu mmoja akajibu kwa ile emoji ya ubongo unaolipuka. Baba akasikiliza yote, ninajua kwa sababu zile alama zilibadilika rangi baada ya dakika sita kamili, halafu akaandika neno moja: "Bei?"

Nikaandika bei niliyoambiwa na mtu anayefanya kazi ya kuagiza dawa. Kikundi kikanyamaza usiku kucha.

Asubuhi shangazi ndiye alikuwa wa kwanza. Yeye haandiki, anatuma sauti. Hakuuliza juu ya dawa. Alisema, "Mwanangu, nimekusikia vizuri, Mungu akubariki. Sasa waja lini Mtwapa? Mpapai wa nyuma umebeba, na zikishaiva hazifai tena kwa mishkaki."

Nimekata tikiti ya SGR ya Ijumaa.